Chupa Iliyotoka Mwanza Ikiwa Safi

Mkemia hakuketi. Aliweka boksi lake juu ya meza ya Inspekta Jovitha, akafuta vumbi usoni kwa leso, akasema kabla hajaulizwa:

"Afande, kuna mtu ameharibu kazi. Kama si wewe, ni mimi."

Aliitwa Sostenes, na ndiye aliyepima maji ya kijiji cha Nemba katika maabara ya Mwanza. Majibu angeweza kuyatoa kwa simu. Badala yake alikuwa amepanda basi la alfajiri hadi Biharamulo, na hilo peke yake lilimfanya Jovitha ainuke akafunge mlango.

Kabla hajaufunga alimwona Claudia kwenye benchi la nje ya kituo, amepakata hotipoti. Claudia alikuja kila siku tangu mumewe alipowekwa mahabusu. Mumewe, Manirakiza, alikuwa akisambaza maji ya chupa kwa guta lake la magurudumu matatu katika senta zote za upande ule, Nemba ikiwemo. Watu wa Nemba walisema ndiye aliyemuua mtoto wa Idefonsi, mwenye duka wa hapo kijijini.

Mtoto huyo, Esperansia, alikuwa hajaanza hata kusimama. Aliletwa hospitali ya Biharamulo akihema kama aliyekimbia, akafa mapafu yamejaa maji. Daktari aliyempokea aliona mikono ya mama yake, Deodata, inatetemeka hata alipoikunja kifuani. Akaagiza damu na mkojo wa mama vipimwe. Ikaonekana zebaki, nyingi. Maziwa ya Deodata yalikuwa yamekauka mapema, na mtoto alikuwa akilishwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji ya chupa, Maji Tulivu, yaliyoletwa na Manirakiza. Siku ya mazishi vijana walilichoma guta lake barabarani. Polisi walimtoa mikononi mwao wakamweka ndani kwa usalama wake, kisha akabaki ndani kama mtuhumiwa, kwa sababu alikiri kwamba guta lilelile liliwahi kubeba zebaki kwenda machimboni.

"Anza na chupa za godauni," Jovitha alisema.

"Za godauni la wakala hapa mjini ni safi kabisa. Mashine haikuona kitu."

"Za dukani kwa Idefonsi? Zile zilizofungwa?"

"Zina dalili. Kidogo sana, mashine imeziona kwa shida. Ile iliyokuwa wazi, iliyokaa karibu na kitanda cha mtoto, ina zaidi. Lakini hata hiyo haijafika kiwango kinachokatazwa na sheria. Kwa maji haya, afande, mtoto hafi."

"Sasa kipi kimeharibika?"

Sostenes alifungua boksi, akatoa chupa ndogo ya kioo yenye kizibo cha buluu na kuiweka katikati ya meza.

"Hii. Unaikumbuka?"

Jovitha aliikumbuka. Mkemia alikuwa amemtumia chupa hiyo pamoja na zile tupu za kukusanyia sampuli. Ilikuja ikiwa imejaa maji yaliyosafishwa maabara, pamoja na maagizo: ifunguliwe mahali sampuli zinapochukuliwa, iachwe wazi kazi inapoendelea, ifungwe mwishoni. Ilikuwa ya kulinganishia tu. Ilipaswa kurudi ikiwa safi kama ilivyotoka, ili mtu asije akasema uchafu uliingia njiani.

"Hii ndiyo yenye zebaki kuliko zote," Sostenes alisema. "Maji niliyoyatengeneza mimi kwa mikono yangu."

"Ulizipima nyingine ulizotengeneza siku hiyo?"

"Zote. Safi. Ndiyo maana nauliza: ulivaa glovu?"

"Nilivaa."

"Uliiweka wapi ulipoifungua?"

"Chumbani kwa Deodata, juu ya kabati. Ilikaa pale asubuhi nzima nikiwa naandika maelezo yake. Hakuna aliyeigusa. Koplo Matiasi alisimama mlangoni muda wote."

Sostenes aliitazama chupa, akamtazama Jovitha, na taratibu akavuta kiti.

"Manirakiza hakuigusa chupa hii," Jovitha alisema.

"Hakuigusa."

"Haikupita kiwandani wala kwa wakala."

"Ilitoka kwangu ikaja kwako."

"Iliingia chumbani ikiwa safi, ikatoka ikiwa na zebaki. Na haikuingia kitu ndani yake ila hewa ya chumba kile."

Mkemia aliketi. "Nilitia tone la asidi," alisema polepole. "Huwa tunatia, ili zebaki ikiingia isitoroke tena. Maji ya kawaida yanaipokea na kuiachia. Haya yaliishika. Ndiyo maana yanazizidi zile za dukani." Alipangusa paji la uso. "Zebaki inapanda hewani, afande, hata bila moto. Ukiipasha moto ndiyo usiseme. Na mvuke wake hauna rangi wala harufu."

"Kwa hiyo mtoto hakuinywa."

"Aliivuta. Maji nayo yalikuwa yakiipokea humohumo ndani, kama mtoto."

Jovitha alichukua kofia yake. "Mama yake bado analala chumba hicho," alisema.

*

Duka la Idefonsi lilikuwa fremu ya katikati katika jengo la fremu tatu, kando ya barabara ya vumbi jekundu. Fremu ya kulia ilikuwa tupu, haina hata mlango. Ya kushoto ilikuwa stoo ya mahindi ya Gervasi, mwenye jengo lote. Idefonsi na mkewe walilala chumba cha nyuma ya duka, kilichopakana na stoo.

Kabla ya swali lolote Jovitha aliwaambia wenye nyumba kwamba usiku ule hawalali mle. Waende kwa dada yake Deodata, Biharamulo mjini, gari la polisi litawapeleka.

"Kwa nini?" Idefonsi aliuliza. Alikuwa mwembamba, na tangu msiba alikuwa na tabia ya kujishika shingo anapoongea. "Mna kitu mnatuficha?"

"Nataka nyumba ipimwe ikiwa haina mtu. Nikiwa na hakika ya jambo nitakuja kukuambia mwenyewe."

Deodata hakuuliza. Alitoka akaketi kwenye gari, mikono imebanwa katikati ya magoti.

Jovitha alianza na duka. Chini ya kaunta, nyuma ya katoni ya sabuni, aliona mizani ndogo ya sahani mbili, ile ambayo mtu hapimii sukari. Aliiweka juu ya kaunta mbele ya Idefonsi.

"Ya nini hii?"

Idefonsi aligusa sahani moja kwa kidole. "Dhahabu."

"Unanunua dhahabu?"

"Nilinunua. Kabla sijaoa. Wachimbaji walikuja na vipunje vyao nikavipeleka mjini. Deodata alisema hawezi kuishi na biashara ya polisi na wezi, nikaacha."

"Ulikuwa unaichoma hapa ili zebaki iondoke?"

"Sikuwahi kuichoma. Nilinunua iliyochomwa tayari."

"Nitaamini vipi?"

"Sijui, afande. Ningejua namna ya kukufanya uamini ningeshafanya." Alijishika shingo. "Unadhani ni mimi?"

"Naangalia kila kitu," Jovitha alisema, akaitia mizani kwenye mfuko wa vielelezo.

Sostenes alikuwa amekuja na chupa nyingine za maji safi, zote zikiwa na tone la asidi. Walizifungua wakazipanga: moja kwenye kaunta, moja chumbani upande wa duka, moja chumbani kwenye ukuta wa stoo, moja nje chini ya mgomba, mbali na jengo. Kama Idefonsi alichoma dhahabu dukani kwake, chupa ya kaunta ingesema. Zingekaa wazi hadi kesho yake, na Koplo Matiasi angelala kwenye benchi la duka, mbele ya mlango.

Kisha Jovitha alipanda juu ya stuli. Chumba hakikuwa na dari. Ukuta uliopakana na stoo ulipanda vizuri, ukaishia kwenye boriti. Kati ya boriti na mabati palibaki mwanya ambao mkono ungepita. Kwenye mabati, juu ya mahali kilipokuwa kitanda, palikuwa na ukungu wa kijivu. Jovitha aliupangusa kwa pamba, na pamba ikatoka na vitone vidogo vinavyong'aa. Sostenes aliipokea akaifungia kwenye kichupa.

"Hodi hapa!"

Mzee Gervasi alisimama kwenye mlango wa duka, kofia mkononi. Jovitha alishuka kwenye stuli.

"Karibu mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimeona gari. Nikasema nije niwape pole ya kazi." Sauti yake ilikuwa ya upole. Mbao za jeneza la Esperansia zilitoka kwake, na hakutaka kulipwa. "Lile jambo la maji, mnalimaliza lini? Watu hawana amani. Yule kijana akiachiwa, hapa patachafuka."

"Nani alikuwa wa kwanza kusema ni maji, mzee?"

"Mimi nilisema. Nilimwona mtoto anapewa, anatapika. Nikasema hayo maji siyo."

"Stoo yako ina mahindi sasa hivi?"

"Kidogo. Ya mbegu."

"Mbona umeziba dirisha kwa tofali?"

"Panya, mwanangu. Panya na wezi."

"Na mama wa nyumbani hajambo? Sikumwona msibani."

"Véronique yuko kwao Keza. Mama yake yu hoi kitandani, anamuuguza. Ameondoka na watoto wote."

"Muda mrefu?"

"Tangu kabla ya mvua."

Jovitha alimshukuru, akamsindikiza hadi barabarani. Hakuomba kufunguliwa stoo. Hakuwa na hati ya upekuzi, na mtu akiombwa afungue leo, kesho hukuti kitu.

Kabla hawajapanda gari Sostenes alisema: "Yule mzee ana mahindi ya mbegu bila tone la dawa ya kuhifadhia? Nimepita mlangoni pake. Stoo ya mahindi inanuka dawa toka mbali. Ile hainuki kitu."

"Wewe kesho chupa zikifungwa zipeleke Mwanza," Jovitha alisema. "Mimi nitakwenda kumjulia hali mama mkwe wake."

*

Keza ilikuwa wilaya jirani ya Ngara. Gari liliishia kwenye shule ya kata. Kutoka hapo Jovitha alipakiwa kwenye bodaboda, kisha akatembea njia ya miguu katikati ya migomba mpaka kwenye boma la kina Véronique.

Mama mgonjwa alikuwa uani, anapasua kuni.

Alikuwa kikongwe mwenye mabega mapana. Alishusha shoka, akaitikia shikamoo, akapaza sauti kwa Kirundi kuelekea shambani. Véronique akaja na jembe begani, miguu imejaa udongo, na nyuma yake watoto watatu walioacha kupalilia maharage ili waone mgeni.

"Amahoro," Véronique alisalimia kwa Kirundi, kisha akaona kitambulisho mkononi mwa Jovitha. "Kuna nini? Mume wangu amefanyaje?"

"Mume wako mzima. Nimeongea naye. Aliniambia mama yako yuko hoi."

Véronique alimtazama mama yake, ambaye alikuwa amerudia kuni zake. "Mama hajaumwa tangu mwaka juzi," alisema.

"Basi ni nini kilichokuleta huku?"

Mwanamke aliweka jembe chini. Alimwonyesha mgeni kigoda, naye akaketi juu ya mzizi. "Ni huyu," alisema, akimvuta karibu mtoto wa katikati. "Alianza kukohoa, anatapika, halafu mkono ukawa unamtetemeka, hashiki hata kijiko. Gervasi akampeleka kwa daktari, mbali. Waliporudi akaniambia nifunge mizigo. Akasema kile chumba cha stoo kina mvuke mbaya, watoto wasikanyage pale tena mpaka atakapomaliza shughuli yake."

"Shughuli gani?"

Véronique aliangalia mikono yake.

"Mama," Jovitha alisema, "sikuja kukufunga wewe."

"Anachoma dhahabu. Wachimbaji wanamletea ikiwa imeshikana na zebaki, yeye anaichoma, zebaki inaondoka, inabaki dhahabu. Hana leseni. Anafanyia ndani ili wasimwone." Akaongeza haraka, "Lakini anajihadhari. Aliniambia amepata namna ya kuufukuza moshi usimfikie."

"Kuufukuza kwenda wapi?"

"Hakusema."

"Na mtoto wako aliumwa mkilala wapi?"

"Tulilala humohumo, nyuma ya stoo. Idefonsi na mkewe walikuwa upande wa pili wa ukuta." Kisha uso wake ukabadilika, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa mbali. "Deodata alikuwa na mimba nilipoondoka. Alijifungua salama? Mtoto wake anaendeleaje?"

Yule kikongwe aliacha kupasua kuni.

"Alijifungua mtoto wa kike," Jovitha alisema. "Tulimzika wiki iliyopita."

Véronique aliinuka, akaketi tena. Alimshika mwanawe mkono, ule uliokuwa ukitetemeka zamani na sasa umetulia, akaufunika kwa mikono yake yote miwili.

"Nilimwambia," alisema. "Nilimwambia, na wale jirani je? Akasema wale ana mpango wa kuwahamishia fremu nyingine. Nikamwamini." Machozi yalimshuka bila sauti. "Afande, hayo niliyosema, ukitaka niyaseme mbele ya hakimu nitayasema. Ila usiniulize hapa mbele ya watoto tena."

*

Simu ilipata mtandao pale alipolikuta gari. Iliita papo hapo.

"Ya nje, chini ya mgomba, haina kitu," Sostenes alisema. "Ya kaunta ina kidogo. Ya chumbani upande wa duka ina zaidi. Ile ya kwenye ukuta wa stoo, afande, mashine ilishindwa kuisoma. Ilinibidi niyazimue yale maji kwa maji mengine, mara nyingi, ndipo ikasoma."

"Na pamba?"

"Pamba ni zebaki yenyewe. Inapanda na mvuke, inagusa bati lililopoa usiku, inarudi kuwa matone. Inadondoka palepale chini."

Palepale chini palikuwa na kitanda. 

"Idefonsi?" Sostenes aliuliza.

"Chupa zimemtoa lawamani. Angechoma yeye, kaunta ingezidi ukuta."

Hati ya upekuzi ilipatikana siku hiyohiyo. Jua lilikuwa bado juu walipofika Nemba, Jovitha na Matiasi, wamevaa barakoa ambazo Sostenes aliwaachia, pamoja na mtendaji wa kijiji kama shahidi. Gervasi alisoma hati hadi mwisho, akairudisha, akatoa ufunguo mfukoni mwenyewe.

Mbele palikuwa na magunia. Matiasi aliyachoma kwa kisu: makapi. Nyuma ya magunia palikuwa na jiko la mkaa, kikaango cheusi kilichotoboka pembeni, mtungi wa gesi wenye mpira mrefu, na makopo mawili mazito yaliyozibwa kwa nailoni. Jovitha hakuvitazama sana vitu hivyo, alivitarajia. Alichokuwa akikitazama ni feni.

Ilikuwa feni ya kusimama, ya kawaida, imefungwa kwa waya juu ya rundo la matofali ili isigeuke. Ilitazama juu, kwenye mwanya kati ya boriti na mabati. Upande wa kitanda cha Esperansia.

"Iwashe," alimwambia Matiasi.

Feni ikazunguka. Jovitha aliinua kipande cha nailoni mbele yake. Nailoni ikaruka ikapita juu ya ukuta na kutoweka upande wa pili. Mtendaji wa kijiji alitoka nje bila kuaga. 

Jovitha aliizima feni, akamtoa Gervasi hadi kwenye hewa safi, akamketisha kwenye benchi la duka lililofungwa.

"Nimetoka Keza," alisema.

Mzee alifunga macho.

"Mama mkwe wako ana afya kuliko mimi. Mwanao naye amepona. Daktari alikuambia nini kuhusu mkono wake?"

"Kwamba ni mvuke."

"Alikuambia ufanye nini?"

"Niache. Au watoto waondoke."

"Ukachagua watoto waondoke."

"Nilikuwa na madeni ya watu, mwanangu. Wachimbaji hawangoji."

"Sijakuuliza kuhusu wachimbaji. Ulipoipandisha ile feni kwenye matofali, uliielekeza mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Ungeweza kuielekeza dirishani."

"Dirishani wangeona moshi."

Barabarani watu walikuwa wameanza kusimama. Matiasi aliwasogeza nyuma. Gervasi aliongea chini zaidi.

"Nilidhani unapita juu. Unapita juu unaishia kwenye mabati. Ile fremu ya kulia nilikuwa naitengeneza ili nao wahamie. Bado mlango tu."

"Na siku mtoto alipokufa? Siku hiyo ulidhani nini?"

Gervasi alivua kofia akaiweka magotini.

"Ulisema ni maji," Jovitha alisema. "Ulikuwa wa kwanza. Ulitoa mbao za jeneza, na siku hiyohiyo ukamtaja Manirakiza. Wamechoma mali yake. Wangemchoma na yeye. Kwa nini?"

"Watu walitaka jibu," Gervasi alisema. "Walikuwa wananiangalia wakitaka mtu mzima aseme neno. Nikasema."

Jovitha alimsomea haki zake na kumfunga pingu kwa mbele, chini ya koti, ili umati usizione ukapata ujasiri. Walipompitisha, hakuna aliyerusha jiwe. Walipisha njia tu, wakalitazama gari mpaka lilipokata kona.

*

Manirakiza aliachiwa jioni hiyo. Alitia sahihi, akarudishiwa mkanda na simu iliyovunjika kioo. Claudia aliinuka kutoka kwenye benchi, akamtazama mumewe anavyotembea, kisha akamfuta kitu begani ambacho hakikuwepo.

"Afande," Manirakiza alisema, "Kiswahili changu siyo cha kubishana. Nilisema sijui, nikaambiwa najifanya. Sasa mmejua?"

"Tumejua. Maji yako yalikuwa safi. Nitalisema hilo Nemba mbele ya watu, kwa mdomo wangu."

"Na waliochoma guta, kuna atakayeulizwa?"

"Wataulizwa. Nitaanza kesho."

Manirakiza alimtazama usoni, kana kwamba anapima uzito wa neno hilo, halafu akaitikia kwa kichwa. Yeye na mkewe wakatoka, wakipishana na watu wa sokoni waliokuwa wanarudi makwao.

Ilibaki kazi moja. Jovitha alikwenda kwa miguu hadi nyumbani kwa dada yake Deodata, chini kidogo ya boma la Wajerumani. Idefonsi alimpokea, akamkaribisha ndani, na Jovitha akawaeleza yote, bila kuruka feni. Idefonsi alitoka nje katikati ya maelezo. Walimsikia akitembea uani, huku na huku.

Deodata alibaki. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Maji niliyomkorogea. Hayakuwa na kitu?"

"Hayakuwa na kitu cha kumdhuru."

"Nilikuwa nayapima kwa kijiko, ili yasizidi. Alipokataa nilimlazimisha. Nilimbana mashavu ili ameze."

"Ulikuwa unamlisha, Deodata. Hukumdhuru."

Mwanamke alishusha pumzi ndefu, ikatoka ikikatikakatika. Jovitha angependa kuaga hapo. Lakini kwenye mkeka, kando ya mto, aliona nguo za mtoto zilizokunjwa: gauni la manjano, soksi, kofia ya kufumwa, na kanga moja iliyofifia kwa kufuliwa. Sehemu ya mto iliyolaliwa ilikuwa jirani kabisa nazo.

"Hizo zilitoka Nemba?"

"Nilikuja nazo. Sijazifua. Bado zina harufu yake."

"Unalala nazo?"

Deodata alizivuta nguo karibu naye zaidi.

"Mdogo wangu," Jovitha alisema, akashuka kutoka kwenye kiti akaketi naye mkekani. "Mvuke ule huingia kwenye nguo na kukaa. Unaendelea kuuvuta. Lazima zipimwe, kisha zitakuwa ushahidi, na sidhani kama zitarudi. Naomba unipe."

Deodata aliinua kofia, akaiweka kwenye mfuko ambao Jovitha alikuwa amemfungulia. Akaweka soksi, moja, kisha ya pili. Aliweka gauni, baada ya kulinyoosha kola. Mikono ilimtetemeka sana, na Jovitha hakumsaidia, kwa sababu aliona hataki kusaidiwa.

Ilibaki kanga aliyombebea. Deodata aliikumbatia.

"Hata hii?"

"Hata hiyo."

Aliishika kidogo zaidi. Kisha akaikunja pande nne, kwa uangalifu, kama mtu anayeikunja ili aiweke kabatini, na akaitia mwenyewe kwenye mfuko.